Anayekusaidia haoni skrini yako

Habari zenu wote, asanteni kwa kuja na asanteni mlionipa hii nafasi. Nimeombwa niongee kuhusu adabu ya kuandika imeili pale unapoomba msaada wa mambo ya kiufundi mtandaoni, na najua mtu akisikia adabu anawaza tafadhali, samahani, naomba radhi kwa usumbufu. Hayo ni mazuri, yaandikeni. Ila mi nimekaa miaka mingi upande wa kujibu hizi barua, barua za watu nisiowajua kabisa, mara nyingi usiku baada ya kazi zangu, na nawaambia kutoka moyoni kwamba barua yenye samahani kumi ambayo haisemi kompyuta imetoa ujumbe gani inanichosha kuliko barua kavu ya mistari sita yenye kila ninachohitaji. Huyo wa mistari sita ndo kaniheshimu.

Sababu ni moja tu. Sioni skrini yako. Ukimpelekea fundi redio anaishika, anaitikisa, anafungua mfuniko, ananusa kama kuna kitu kimeungua. Mimi sina redio, nina maneno yako tu. Kila ulichoacha kuandika mi kwangu hakipo, na nisipokuwa nacho nina njia mbili, ama nibahatishe ama nikuulize, na nikikuuliza wewe umeshalala, unajibu kesho, kesho mi nipo kazini, najibu usiku, basi kitu cha dakika kumi kinakula siku nne. Na hapo wote wawili tuna nia njema kabisa.

Ngoja niwasomee barua ya aina ninayoipata sana, hii nimeitunga mwenyewe ila mkiwa mmewahi kujibu watu mtaitambua. Kichwa cha barua: MSAADA HARAKA!!! Ndani: "Habari, programu yangu inagoma, nimejaribu kila kitu imeshindikana, naombeni mnisaidie kazi inatakiwa kesho."

Tuiangalie taratibu. Programu yangu, ipi? Inagoma, kivipi? Haifunguki? Inafunguka halafu inajifunga? Inafanya kazi ila jibu linatoka si lenyewe? Inachukua nusu saa badala ya sekunde mbili? Hayo ni magonjwa manne tofauti na kila moja lina dawa yake. Halafu nimejaribu kila kitu. Jamani hii sentensi naomba tuizike leo leo hapa. Najua inatoka kwenye uchovu, mtu amehangaika usiku mzima, lakini hainiambii hata kitu kimoja ulichojaribu, kwa hiyo siwezi kufuta chochote kwenye orodha yangu kichwani, nitakwambia zima uwashe, utaniambia nimeshazima nikawasha, nitakwambia instoli upya, utaniambia nimeshafanya, na hapo wewe unaanza kuona kama nakudharau na mi naanza kuona kama unanificha. Kumbe ungeandika tu, nimeinstoli upya mara mbili na nimewasha mashine upya, hali ni ile ile, tungekuwa mbele hatua tatu.

Na hiyo ya kesho. Haraka yako ni ya kweli, siibezi. Ila anayesoma ni mtu anayejitolea, hana mkataba na wewe, na neno haraka halimpi taarifa yoyote ya kumfanya awe na haraka zaidi. Kama muda una maana kwenye tatizo lenyewe sema kwa utulivu, mfano seva iko hewani na wateja hawawezi kuingia toka saa 3 asubuhi, hiyo ni taarifa, inaniambia nikupe kwanza kitu cha kuzuia moto halafu tutafute chanzo baadaye.

Sasa barua ile ile ikiandikwa vizuri. Python humo ni lugha ya kuandikia programu, requests ni maktaba, yaani kifurushi cha msimbo ulioandikwa na wengine, na pip ni programu ya kuinstoli hizo maktaba. Kichwa: Python 3.12 kwenye Windows 11 haioni requests japo pip imesema imeinstoli. Ndani: "Habari. Nina skripti ya kusoma data kwenye tovuti na inahitaji maktaba ya requests. Nimeandika pip install requests, ikaisha kwa kusema Successfully installed. Nikaendesha py soma.py nikitegemea ianze kusoma, badala yake imetoa hii: ModuleNotFoundError: No module named 'requests'. Nimeinstoli upya mara mbili, nimewasha kompyuta upya, bado. Hii mashine ilikuwa na Python 3.9 zamani, sijaitoa. Niangalie wapi?"

Mnaona? Ni fupi kabisa. Na anayejua Python akifika pale kwenye 3.9 ameshapata jibu kabla hajamaliza kusoma, kwamba hiyo pip inayoitwa ni ya Python ya zamani, maktaba imeingia kwa 3.9 na skripti inaendeshwa na 3.12, nyumba mbili tofauti. Atamwambia aandike pip --version aone imefungwa kwenye Python ipi, kisha aandike py -3.12 -m pip install requests, imeisha. Barua moja kwenda, moja kurudi. Na kilichookoa ni ile sentensi ya mwisho mwisho ambayo mwandishi angeweza kuiona haina maana akaifuta. Ndo maana nawaambiaga watu, wewe hujui kipi kina maana, ungekuwa unajua usingeuliza, kwa hiyo taja kilichopo na taja kilichobadilika. Hasa kilichobadilika! Jana ilikubali leo imekataa, basi katikati hapo kuna kitu, umeapdeti, umehamisha folda, umebadilisha paswedi, umeme ulikatika wakati inaandika. Hata kama unadhani havihusiani.

Kiini cha barua ni nilifanya nini, nilitegemea nini, nimeona nini. Hilo la katikati watu wanaliruka karibu kila siku. Unaniambia programu imetoa 7. Sawa, ulitaka itoe ngapi? Saa zingine nikiuliza hivyo inaonekana 7 ndo jibu sahihi na mtu alikuwa ameelewa vibaya kazi yenyewe, na hapo pia tumesaidiana, ila tungegundua mapema zaidi.

Niingie kwenye ujumbe wa kosa, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye dhahabu.

Usinisimulie ujumbe wa kosa. Ukopi, uupesti, herufi kwa herufi, na namba zake na alama zake za ajabu zote. Mtu ananiandikia "inanikatalia kuingia kwenye seva". Imekataa, sawa, lakini kukataa kwa kompyuta kuna aina zake. Ikisema Connection refused maana yake umefika kwenye ile mashine na ikakujibu, ila kwenye ule mlango hakuna programu inayosikiliza, au kuna faiawolo, yaani ukuta wa ulinzi wa mtandao, inayokurudisha waziwazi. Ikisema Connection timed out hiyo ni kimya, umebisha hodi hakuna aliyeitikia, pengine anwani si yenyewe, pengine kuna faiawolo inameza kila kitu bila kujibu. Halafu kuna namba za majibu ya seva za tovuti, ikisema 401 inataka ujitambulishe. Ikisema 403 seva imekusikia vizuri na inasema hapana, huruhusiwi. Permission denied ni habari nyingine tena, hapo tunaanza kuongelea haki za faili au funguo. Ni vitu vitano tofauti na kwa Kiswahili cha kawaida vyote ni "imenikatalia". Wewe umefupisha kwa nia njema ili usinichoshe, kumbe umenifungia dirisha pekee nililokuwa nalo.

Na usinichagulie mstari. Kwenye Python ule mlolongo wa makosa jambo lenyewe liko mstari wa mwisho, watu wanakopi wa kwanza peke yake unaosema Traceback, huo hausemi chochote. Ukikompaili C++, yaani ukigeuza msimbo wa lugha hiyo kuwa programu, mambo yanageuka, unaweza kupata makosa 200 na la kwanza ndo la kuangalia, mengi ya yanayofuata ni watoto wake. Kwa hiyo kama ni mistari 20 au 30 leta yote. Kama ni logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya programu, ya mistari elfu kumi leta sehemu inayozunguka kosa, useme umeikata, na useme kama nikitaka nzima ninayo.

Picha sasa. Watu wanapiga picha skrini kwa simu, imepinda, kuna mwanga wa taa katikati, na ujumbe nusu haumo. Nawaelewa, ni haraka. Ila picha mi siwezi kuikopi nikatafuta yale maneno, itabidi niyachape upya na nikikosea herufi moja natafuta kitu kingine. Na kuna wasaidizi wasioona, wapo na ni wazuri mno, wanatumia programu inayowasomea maandishi kwa sauti, ukituma picha ya maandishi huyo umemtoa nje. Picha ina mahali pake, mfano mpangilio wa ukurasa umevurugika, rangi zimeharibika, au mashine yenyewe haiwaki hadi mwisho na huna namna ya kukopi, hapo piga picha bila wasiwasi. Kwenye maandishi tuma maandishi.

Kuna mfano mmoja wa zamani naupenda. Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, hajulikani na mtu, na mwezi wa 7 aliwaandikia mtandaoni watumiaji wa Minix, mfumo mdogo wa kuendesha kompyuta, akiuliza wapi atapata sheria za POSIX, yaani ule utaratibu wa jinsi mifumo ya aina ya Unix inavyotakiwa kufanya kazi. Ulikuwa ujumbe mfupi sana. Alitaja kwamba ana mradi anaoufanya ndani ya Minix, akasema anataka toleo jipya la hizo sheria, na akasema angependa liwe la kusomeka na kompyuta. Basi. Sababu ipo, kitu kipo, umbo lake lipo. Mwezi uliofuata, tarehe 25, akaandika tena kuwaambia anatengeneza mfumo wake na anaomba maoni, na humo akataja mashine inayotakiwa ni yenye prosesa ya 386, akataja amefanikiwa kuhamishia programu mbili, bash 1.08 ya kupokea amri na gcc 1.40 ya kukompaili. Namba za matoleo zimo! Huo mfumo ndo Linux. Sisemi imekuwa Linux kwa sababu ya imeili nzuri, hapana, ila mtu akisoma ule ujumbe anajua amwambie nini huyu kijana. Namba ya toleo ni kitu kidogo, lakini makosa mengi yanakuwepo kwenye toleo moja na toleo linalofuata yameshatengenezwa, na mi nikiwa na lako mkononi naweza kukagua ndani ya dakika mbili.

Kingine ambacho kinaumiza pande zote mbili, na hiki nimekiona kwa macho yangu, ni kuuliza njia badala ya kuuliza safari. Kuna jamaa aliniandikia akiuliza namna ya kufanya programu yake ijizime na kujiwasha kila usiku. Swali zuri, limeeleweka, nikamjibu. Wiki mbili baadaye akaandika, nifanyeje iwe kila baada ya masaa matatu. Nikamjibu. Halafu ikawa kila nusu saa. Hapo ndo nikashtuka, nikamuuliza kitu nilichotakiwa kumuuliza siku ya kwanza, kwani kwa nini unaizima? Akasema isipozimwa inaacha kufanya kazi. Ikiacha inasema nini? Akanitumia: FATAL: sorry, too many clients already. Hiyo ni PostgreSQL, ile hifadhidata, na kwa kawaida ikishainstoliwa inaruhusu miunganisho 100 kwa wakati mmoja. Programu yake ilikuwa inafungua muunganisho mpya kila mtu anapofungua ukurasa na haifungi hata mmoja, kwa hiyo watu wakiongezeka ile 100 inajaa mapema zaidi, ndo maana kutoka usiku ikawa masaa matatu ikawa nusu saa. Kuzima na kuwasha kulikuwa kunamwaga ndoo tu, bomba linavuja. Kurekebisha kulichukua mistari michache ya kufunga muunganisho kila kazi inapoisha.

Lile kosa kwa kweli ni letu wote wawili, yeye hakusema anachotafuta na mimi sikuuliza. Kwa hiyo sasa hivi nikijibu mtu kwanza namuuliza unataka kufikia wapi, na nyie mnaouliza naomba muanze na hilo hata kwa sentensi moja. Nataka tovuti isisimame, nimeona nikiizima na kuiwasha inakaa sawa, je nitafanyaje ijizime yenyewe? Ukiandika hivyo mjuzi atakwambia subiri kwanza, tuone kwa nini inasimama.

Kuhusu siri. Tafadhali sana. Faili la mipangilio lina paswedi ndani yake, na watu wanalikopi lote wanalituma kwa watu kumi na wawili walioko kwenye kopi. Ikishakutokea usihangaike kuomba watu waifute, kopi zimeshasambaa kwenye seva na simu ambazo huzijui, wewe nenda kabadilishe paswedi dakika hiyo hiyo, halafu ndo urudi kwenye tatizo lako. Funguo za kuingilia huduma za mtandaoni ni vile vile, hizo mwizi akizipata anatumia kwa jina lako na bili inakuja kwako. Na mtu yeyote anayekwambia nitumie paswedi niingie nikutengenezee, huyo usimpe, hata akiwa na nia njema, mwambie akupe hatua uzifuate mwenyewe.

Ila kuficha nako kuna ufundi wake. Mtu anaweka nyota nyota kila mahali, anwani ya seva nyota, jina la mtumiaji nyota, jina la hifadhidata nyota, mi nabaki sijui kama nyota hii na nyota ile ni kitu kimoja au viwili, na pengine tatizo lenyewe ni kwamba sehemu moja ameandika jina tofauti na sehemu nyingine! Badilisha kwa mpangilio, seva ya kwanza iite seva-a, ya pili seva-b, na usichanganye. Jina la tovuti tumia example.com, hilo limetengwa rasmi toka 1999 kwa ajili ya mifano, hakuna atakayelisajili, na namba za anwani zipo zilizotengwa kwa kazi hiyo pia, zinazoanza na 192.0.2. Ukitunga jina lako mwenyewe kichwani unaweza kukuta ni tovuti ya mtu kweli.

Mambo ya imeili yenyewe nipite haraka haraka. Kichwa cha barua kiwe tatizo lenyewe, kwa sababu huyo mtu ana barua 80 na anachagua ya kufungua kwa kichwa tu, na kesho mwenye tatizo kama lako akitafuta atalipata kwa hicho kichwa. Herufi kubwa tupu ni kupiga kelele, hilo liliandikwa kabisa kwenye mwongozo wa adabu za intaneti wa mwaka 1995, ule uliopewa namba RFC 1855, na huo huo ulishauri usitume faili linalozidi kilobaiti 50. Leo huduma nyingi zinakubali hadi megabaiti 20 au 25, lakini jueni kiambatanisho kikipita kwenye imeili kinageuzwa kuwa maandishi na kinaongezeka kama theluthi moja ya ukubwa, na anayekipokea anaweza kuwa kwenye simu na anahesabu bando lake. Weka maandishi ndani ya barua pale inapowezekana. Na barua ya maandishi matupu bila rangi wala mapambo ni salama zaidi, kundi la wanaotengeneza kiini cha Linux, ile programu ya ndani kabisa ya mfumo, mpaka leo seva yao inazirudisha barua zenye mapambo ya HTML.

Kuna hili la nyuzi, yaani barua za mazungumzo mamoja zinazopangwa pamoja, wengi hawalijui. Una swali jipya, unaona uvivu kutafuta anwani, unafungua barua ya zamani unabonyeza jibu, unafuta kila kitu, unabadilisha kichwa, unaandika swali lako. Wewe unaona ni barua mpya. Lakini ndani ya imeili kuna mistari iliyofichwa inayosema hii ni jibu la barua fulani, na kubadilisha kichwa hakuifuti, kwa hiyo kwenye programu nyingi za imeili swali lako litaingia chini ya mazungumzo ya miezi 3 iliyopita ambayo watu wameshayafunga, halafu unakaa unasubiri unadhani watu wana roho mbaya. Swali jipya, barua mpya. Na ukiwa unajibu maswali niliyokuuliza, jibu chini ya kila swali, acha swali langu lionekane, yale mengine marefu yafute. Kama tulikuwa watu watano kwenye kopi wajibu wote watano, usinivute pembeni peke yangu, kwa sababu kuna siku nimekosea na mmoja wao ndo anajua.

Ehe, na lugha. Wengi tunauliza kwa Kiingereza na hatujakizoea, mtu anaanza na aya nzima ya kuomba msamaha kwa lugha yake. Usiombe msamaha. Andika sentensi fupi fupi, moja moja, nimefanya hivi, imetokea hivi. Ukitumia programu ya kutafsiri ni sawa kabisa, ila ujumbe wa kosa usiutafsiri, jina la kitufe usilitafsiri, amri usiitafsiri, hizo ziache zilivyo. Kama mashine yako inatoa ujumbe kwa lugha nyingine na unatumia Linux, weka LC_ALL=C mbele ya amri, programu nyingi zitarudi kwenye Kiingereza na ukitafuta yale maneno utakuta watu wengi zaidi walioshapitia hapo. Na usiogope kuonekana hujui. Hata siku moja sijamdharau mtu kwa sababu hajui.

Kabla ya kutuma soma barua yako kana kwamba wewe ndo mimi, uko mbali, hujui chochote. Nimeshaandikiwa na watu wengi wakisema, nilikuwa naandika kukuuliza, nilipofika kwenye kueleza hatua ya tatu nikaliona kosa mwenyewe. Inatokea mara nyingi kuliko mnavyodhani, kwa sababu kueleza kunakulazimisha upite tena pale ulipopita kwa haraka. Vivyo hivyo ukijaribu kupunguza tatizo, unatoa kipande hiki cha msimbo unaona bado linatokea, unatoa kile, mpaka unabaki na mistari 10 inayoonyesha kosa. Hiyo mistari 10 nikitumiwa naweza kuijaribu kwangu hapa hapa. Mradi wa faili 60 siwezi, hata nikitaka.

Ukishatuma subiri. Msaidizi anaweza kuwa upande wa pili wa dunia, asubuhi yako ni usiku wake. Siku mbili tatu zikipita kimya andika tena ndani ya barua ile ile, ila uje na kitu, toka juzi nimejaribu na toleo jipya, nalo linafanya hivi. Ukija na "jamani vipi?" umenikumbusha tu kwamba sina jibu.

Namalizia na yangu. Nilipoanza kujifunza Linux waya-lesi ya laptopu yangu ilikuwa haikubali, nikamwandikia mtu nisiyemjua, barua mbaya, ya mistari miwili, waya-lesi haifanyi kazi nimejaribu kila kitu. Hakunikasirikia. Alinijibu na maswali manne, kadi yako ni ipi na jinsi ya kuiangalia kwa lspci, kiini ni toleo gani kwa uname -r, dmesg, ile amri ya kuonyesha ujumbe wa kiini, inasema nini, na je iliwahi kukubali kabla. Nikaanza kuyajibu moja moja, nikafika kwenye dmesg nikaona mstari unaosema imeshindwa kupakia faili la famuwea, yaani programu ndogo ya ndani ya ile kadi, nikalitafuta, nikaliweka, waya-lesi ikawaka. Nilifurahi sana yaani, nikafunga laptopu nikalala. Sikumwandikia. Baada ya wiki akaniandikia mwenyewe, ulifanikiwa? Na hiyo nayo sikuijibu, nikasema nitaijibu kesho, na unajua kesho zinavyokuwa.

Baadaye nikiwa mi ndo najibu ndo nikaelewa alikuwa anauliza nini. Usipojua kama dawa imefanya kazi, mgonjwa anayefuata unampa nini? Barua ya neno moja, imekubali, na mstari mmoja wa kusema tatizo lilikuwa famuwea, ingemtosha. Mwaka jana nikaitafuta ile anwani yake kwenye barua zangu za zamani, nikakaa nikaandika vizuri, jina la kadi, toleo, faili lililokosekana, na asante. Ikarudi baada ya dakika chache, 550, sanduku halipo.

Haya, muda upo kidogo. Mwenye swali anyooshe mkono, na aanze na kile alichokuwa anajaribu kufanya.